Umekosa sehemu ya kujitolea? Jipangie intanshipu yako ya uandishi, na utatoka na vitu hivi

Fildi ya chuo, yaani mafunzo ya vitendo kazini, nilishaifanya mwaka wa kwanza, kwenye ofisi moja hapa mjini ambayo siitaji jina, na kwa wiki nane kazi yangu kubwa ilikuwa kutoa kopi, kupandisha bahasha ghorofa ya tatu na kujua nani anakunywa chai ya rangi nani ya maziwa. Ila ukisoma logibuku yangu, lile daftari la kuandika kila siku umefanya nini, utasema huyu dada ndo alikuwa anaendesha ofisi. "Nimeshiriki kuandaa nyaraka." Nyaraka zenyewe nilizishika kweli, kwa mikono yangu miwili, nikizipeleka kwenye mashine. Alama zikaja nzuri tu.

Sa likizo ndefu ya mwaka wa pili, 2022, nikasema safari hii nataka kuandika, nikazunguka na barua za kuomba kujitolea sehemu kumi na moja, magazeti, redio, mashirika, wawili wakajibu nafasi zimejaa na hao tisa mpaka leo bado wanafikiria. Koneksheni sina. Mjomba wa kunishika mkono hayupo mjini, yupo Songea analima mahindi yake. Nikakaa nyumbani Mbagala, hapa Dar es Salaam, siku tatu nimenuna, ya nne mama akaniuliza kwani kuandika mpaka upewe ofisi? Alisema kwa kunisema, maana vyombo vilikuwa havijaoshwa, lakini ndo nikapata wazo hapo hapo kwenye karo.

Nikajipangia wiki nane, kuanzia Jumatatu tarehe 4 Julai mpaka Ijumaa tarehe 26 Agosti, makala moja kila wiki. Nilitoka na makala saba, sio nane, ntaeleza hiyo moja ilipoishia. Watu wananiuliza sana inbox nilifanyaje na kama kuna faida yoyote ya maana wakati hakuna cheti wala posho, nimechoka kurudia kwa kila mtu kwa hiyo naandika hapa mara moja.

Kabla ya yote, kuhusu chuo. Kama fildi yako inahesabiwa kwenye alama, hii haiwezi kuwa mbadala wake mpaka uongee na koodineta wa fildi, vyuo vingi vinataka taasisi yenye muhuri na supavaiza wa pale kazini wa kusaini. Usije ukakaa nyumbani unaandika afu Oktoba unaambiwa urudie. Mimi ilikuwa likizo, sina deni na mtu.

Mtu wa Ijumaa

Hapa ntakaa sana kwa sababu ndo kila kitu kinaposimama au kuanguka. Washkaji wengi niliowaambia hii habari walianza vizuri kuliko mimi, wamenunua madaftari mazuri, wamechora ratiba ya rangi rangi wakabandika ukutani, wiki ya pili kimya. Hawakuwa wavivu. Hakuna mtu aliyekuwa anasubiri. Ukijiwekea dedilaini peke yako utaisogeza peke yako, na utajikubalia sababu zote, wewe ni bosi mpole sana kwa nafsi yako.

Tafuta mtu mmoja ambaye kila Ijumaa saa fulani anategemea kupokea kitu kutoka kwako, na usipotuma ataona. Sio shosti wako, shosti atakwambia "waoo uko vizuri" akiwa kwenye daladala hajasoma hata mstari. Sio mtu unayemuogopa pia mpaka kalamu ikaganda. Mimi nilimtafuta mwalimu wangu wa Kiswahili wa form four, mzee wa watu amestaafu, yupo Morogoro. Nikampigia, nikamwamkia, tukaongea habari za nyumbani weee, ndo nikamweleza. Hakusema ni wazo zuri wala baya. Akauliza, "Saa ngapi?" Nikasema Ijumaa saa mbili usiku mwalimu. Akasema sawa, saa mbili na nusu mimi nalala.

Ndo ikawa mkataba. Hakuna siku alinipigia kunikumbusha. Lakini Alhamisi usiku nikiwa na kurasa tatu za takataka nilikuwa namuona yule mzee amekaa sebuleni na miwani yake ameishika simu mbali na uso anasubiri, na nilikuwa naamka.

Kama huna mwalimu, kuna mkutubi wa chuo, kuna yule kaka wa mwaka wa tatu anayependa kusahihisha Kiswahili cha watu kwenye grupu (kero yake igeuze kazi), kuna shangazi anayesoma gazeti kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka matangazo ya vifo. Muombe kitu kidogo tu: asome, aseme wapi alichoka na wapi hakuelewa. Usimuombe "anifundishe kuandika", atakimbia.

Chagua sehemu moja, sio mada

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuandika orodha ya mada. Ajira kwa vijana. Mabadiliko ya tabianchi. Wanawake na uchumi. Hizo sio mada, hizo ni vichwa vya semina. Mwalimu alipoiona orodha akaniuliza ndani ya hiyo orodha kuna mtu yeyote anayeitwa kwa jina lake.

Nikabadilisha, nikachagua mahali. Feri, soko la samaki pale Kivukoni. Sababu ni za kimaskini kabisa, kuna daladala ya moja kwa moja kutoka kwetu, kuingia hulipi, na watu wanafanya kazi hadharani hujafungiwa mlango na sekretari. Ukichagua sehemu moja ukairudia kila wiki watu wanakuzoea, wiki ya kwanza wananiita "we dada wa TRA" (watu wa kodi), wiki ya nne mama anayekaanga ngisi ananiwekea kigoda. Na vitu vinaanza kujileta vyenyewe, hutafuti tena. Nilikuwa nadhani makala nane kuhusu soko moja ni nyingi, baada ya wiki mbili nilikuwa na za kuandika mwaka mzima: wanaopara samaki, mnada, barafu inatoka wapi, nani anachukua vichwa na mifupa, kwa nini bei inabadilika mbalamwezi ikiwa kubwa, hii ya mwisho sikuwahi kuimaliza na bado inanikera.

Wewe kwenu inaweza kuwa stendi, saluni ya dada yako, gereji, kituo cha bodaboda, zahanati (hapo uwe makini sana na siri za watu), mto unaopita nyuma ya shule. Kigezo kimoja tu, uweze kurudi mara nane bila nauli kukumaliza.

Ratiba yangu ilikuwa hivi na sio sheria: Jumatatu naenda kuangalia tu, siandiki makala, najaza daftari. Jumanne narudi na maswali yale yaliyonikosesha usingizi, Jumatano naandika rasimu ya kwanza bila kufuta maneno mia tano sita, Alhamisi naipindua, Ijumaa asubuhi naisoma kwa sauti najirekodi kwenye simu afu najisikiliza nikiwa nafua. Hii ya kujirekodi usiidharau. Sehemu ambayo pumzi inakata sentensi ni ndefu, sehemu unayosikia aibu ni ile uliyoandika ili uonekane msomi. Sikio halidanganyiki kirahisi kama jicho.

Vifaa: kauntabuku la kwaya mbili, kalamu mbili maana moja itapotea Feri, simu yenye bando dogo. Laptopu sikuwa nayo, nilitaipu kwenye simu na makala tatu nikaenda kuzichapa steshenari ya mtaani. Hela nyingi ilienda kwenye nauli na chapati maharage.

Aya moja, mara mbili

Ngoja niwaonyeshe aibu yangu. Wiki ya kwanza aya ya kwanza niliyomtumia mwalimu ilikuwa hii, nimeinakili kama ilivyo:

"Katika zama hizi za utandawazi, soko la samaki la Feri limekuwa na mchango mkubwa sana katika kukuza uchumi wa taifa letu na jamii kwa ujumla, ambapo wafanyabiashara mbalimbali hujishughulisha na shughuli mbalimbali za uuzaji wa samaki wa aina mbalimbali."

Nikaona nimeua. Saa mbili na robo ikaingia voisi ya sekunde kumi na mbili: "Mbalimbali tatu sentensi moja. Mwanangu, ulienda Feri kweli?"

Nililia kidogo sitaki kuficha. Afu nikafungua daftari nikakuta kumbe kila kitu kilikuwa mle, mimi mwenyewe ndo nilikiacha nje kwa sababu nilidhani hakina hadhi ya kuingia kwenye makala. Jumamosi nikaandika upya:

"Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mnadishaji anamwaga ndoo ya vibua juu ya meza, anapiga meza kwa kiganja, elfu ishirini, ishirini na mbili, ishirini na tatu huyo. Mama mmoja amejifunga kanga kiunoni hanyooshi mkono wala hasemi. Anakonyeza. Vibua vimeshakuwa vyake."

Sio kwamba ni aya ya kupewa tuzo, lakini angalia kilichotokea. Utandawazi umeondoka, taifa letu limeondoka, amebaki mama anakonyeza. Na uchumi upo, upo zaidi ya mwanzo, kwa sababu sasa unaona bei inavyopanda na nani anaamua. Mwalimu alijibu "haya" peke yake. Kwa mzee yule "haya" ni pilau.

Hili la aya mbili ndo zoezi naweza kumpa mtu yeyote leo akaliona tofauti yake bila kusubiri wiki nane. Chukua aya yoyote uliyoandika chuoni, kata kila neno ambalo lingefaa kwenye makala ya mtu mwingine kuhusu kitu kingine. Mbalimbali, kwa ujumla, mchango mkubwa, katika nyanja zote. Kitakachobaki ndo chako. Kama hakijabaki kitu, basi ulikuwa hujaenda Feri.

Kwenye assaimenti za chuo tumezoeshwa kinyume, tunajaza ili kurasa zifike, na mimi silaumu sana walimu, darasa la watu mia tatu nani atasoma neno kwa neno. Ila mazoea yale yanakaa kwenye vidole.

Mwaka ule ChatGPT ilikuwa bado, imekuja Novemba 2022, likizo yangu imeshaisha. Nashukuru. Leo mtu anaweza kupata hiyo aya ya utandawazi kwa sekunde tatu, imenyooka haina kosa la herufi, na ukiitumia hivyo intanshipu nzima umemfanyia mwenzako, wewe umebaki msimamizi. Kwa kukagua tahajia sawa. Kwa kukuandikia rasimu ya kwanza mi nasema hapana, rasimu ya kwanza mbaya ndo ada yenyewe ya hii shule.

Kuuliza

Kijana mmoja anapara samaki, tuseme wa miaka ishirini, magamba mpaka kwenye nyusi. Nimejiandaa na maswali yangu kumi kwenye karatasi. La kwanza: "Unajisikiaje kufanya kazi hii?" Akanitazama, akaendelea kupara. "Najisikia njaa," akasema, na wenzake wote wakacheka na mimi nikaondoka na karatasi yangu.

Jumanne nikarudi bila karatasi, nimenunua changu wawili nikampa apare, nikamuuliza hicho kisu amekinoa mara ngapi leo. Akasimama. Akanionyesha jiwe lake la kunolea, akanionyesha kovu la kidole gumba, akaniambia samaki gani anakula kisu na yupi unamvua ngozi kama soksi, akanieleza kwamba analipwa kwa samaki sio kwa saa kwa hiyo asiponoa anapoteza. Dakika arobaini. Hisia zake zote zilikuwa mle mle kwenye kisu.

Tangu hapo nauliza vitu vinavyoshikika. Umeamka saa ngapi, umekula nini, hiki ulinunua wapi, jana ulienda na shilingi ngapi nyumbani. "Kwa nini" naiweka mwisho kabisa, mara nyingi sihitaji kuiuliza.

Na uombe ruhusa, tafadhali. Mwambie mtu wewe ni nani, unaandika nini, itasomwa na nani, kama anataka jina lake litoke au la, na kabla hujabonyeza kurekodi mwonyeshe simu. Sasa hivi hili ni zaidi ya ustaarabu, Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Na kama unafikiria kujifungulia chaneli au tovuti yako ya habari, kasome kwanza kanuni za maudhui mtandaoni za mwaka 2020 ujue kama leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inakuhusu. Makala za mazoezi unazomtumia mwalimu WhatsApp hazina shida hiyo.

Tarehe zitakuumbua

Wiki ya nne niliandika kuhusu mama mmoja ambaye alikuwa na meza ya dagaa Kariakoo kabla soko halijaungua, akahamia Feri kwa ndugu yake. Nikaandika soko liliungua 2020. Nilikuwa na uhakika kabisa, si ni juzi tu. Mwalimu kajibu: "Kariakoo imeungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Jumamosi. Wewe ulikuwa wapi?" Nilikuwa Dar es Salaam hii hii, moshi nimeuona.

Ndo nikaanza kuweka alama ya kuuliza kwa penseli pembeni ya kila tarehe, kila namba na kila jina, na siifuti mpaka nimeiona sehemu mbili. Ikanipeleka Maktaba Kuu ya Taifa pale barabara ya Bibi Titi, ile iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, nilikuwa napita nje miaka yote nikidhani ni ofisi ya serikali. Ukikaa na magazeti ya zamani unapata kitu ambacho gugo haikupi, unaona siku nzima ilivyokuwa, tangazo la sabuni pembeni ya habari kubwa. Pale ndo nikasoma kuhusu Beda Amuli, msanifu wa lile jengo la soko la Kariakoo lenye mapaa kama miavuli, na makala yangu ya mama wa dagaa ikapata paa.

Shule nyingine ya tarehe na vyanzo, na ya bure, ni Wikipedia ya Kiswahili. Ipo tangu 2003 na yeyote anaweza kuhariri. Wiki ya tano nikaingia kwa mbwembwe, nikaongeza kwamba kolekole ndo samaki mtamu kuliko wote pwani. Ikafutwa. Nikakasirika kama siku mbili hivi, kolekole ni mtamu kweli, muulize mtu yeyote. Lakini pale nikaelewa kitu ambacho semina nzima ya mbinu za utafiti haikunielewesha, kwamba kuna sentensi za kwangu na kuna sentensi zinazohitaji kusimamiwa na mtu mwingine, na msomaji ana haki ya kujua ipi ni ipi. Mwaka wa tatu nilipoandika tasnifu, sura ya pili, ile ya kupitia maandishi ya wengine na kutaja vyanzo, wenzangu waliilia, mimi nilikuwa nishalia Julai.

Ile wiki iliyopotea

Wiki ya tatu. Kulikuwa na kichenipati ya binamu, mimi ndo wa vyombo, wa sare, wa kupokea wageni kutoka Tanga. Alhamisi sina hata sentensi. Ijumaa nikafikiria kutuma ile aya ya utandawazi nimeigeuza geuza. Saa mbili kasoro nikamwandikia mwalimu: Shikamoo mwalimu, leo sina. Akajibu: "Marahaba. Nimeona."

Basi.

Ushauri wangu: wiki moja itakufa, usiifukie. Usijaribu kuandika mbili wiki inayofuata kufidia, nilijaribu zote zikatoka maji maji. Andika kwenye logibuku "wiki ya 3, sikuandika, kichenipati", endelea na ya nne. Na logibuku yenyewe uwe nayo, hata kama hakuna wa kuisaini. Mistari mitatu kwa siku: nilienda wapi, niliandika maneno mangapi, nini kilinishinda. Hicho cha tatu ndo dhahabu. Ukikisoma wiki ya nane unaona vilivyokushinda Julai umevisahau kama vilikuwa tatizo.

Sa umepata nini? (swali la baba mdogo)

Baba mdogo aliniuliza hivyo hivyo, umezurura Feri miezi miwili unarudi unanuka shombo, umepata nini. Nikababaika siku ile. Leo naweza kumjibu.

Nilipata makala saba zilizoisha. Watu wanaoandika vizuri kuliko mimi darasani kwetu wapo wengi tu, wana mianzo ishirini kwenye simu, hawana mwisho hata mmoja. Kumaliza ni ujuzi peke yake na haufundishwi na mianzo.

Hela? Gazeti moja lilichapa makala moja kati ya hizo saba, wakanilipa kiasi ambacho sikitaji ila nilimnunulia mama vitenge doti mbili na chenji ikabaki. Nilituma tatu, mbili hazikujibiwa. Kama unategemea hii ikulipie kodi ya chumba, hapana, tafuta mishe nyingine pembeni. Kuna mashindano pia ya kuweka jicho, mfano Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ila hiyo ni ya kazi za kubuni, na usianze na tuzo, anza na Ijumaa.

Kwenye sivii usidanganye. Usiandike jina la kampuni ambayo hukufanya, wala usijipe cheo cha mhariri mkuu. Mimi niliandika: "Mafunzo ya uandishi niliyojipangia mwenyewe, wiki 8, Julai hadi Agosti 2022. Makala 7, nyingi kuhusu soko la samaki Feri, moja imechapwa." Basi, na nikabeba kopi za makala kwenye bahasha. Kwenye usaili mmoja mjumbe wa paneli akasoma huo mstari akacheka kidogo, "ulijipangia mwenyewe?" Ndio. "Nani alikusimamia?" Nikamweleza habari za mwalimu na saa mbili na nusu analala. Wakaniuliza kuhusu Feri robo saa nzima, fildi yangu yenye muhuri hakuna aliyeigusa. Kazi ile sikupata, nisikudanganye. Iliyofuata nilipata.

Kingine ambacho sikukitegemea ni kwamba aibu ilipungua. Zamani kumsogelea mtu nisiyemjua nikamwambia naomba nikuulize ilikuwa kama kuomba mkopo. Baada ya wanaopara samaki, wenye boti, mama wa ngisi na mgambo wa soko aliyenifukuza mara mbili, hakuna ofisi inayonitisha sana.

Wiki ya nane ilikuwa wiki ya sensa, Jumanne tarehe 23 Agosti, siku ya mapumziko nchi nzima. Feri sikwenda, karani alikuja kwetu. Dada mdogo tu, kishikwambi mkononi, kizibao, jasho. Akawa anatuuliza maswali yake, wangapi mmelala humu, paa la nini, maji mnapata wapi, na kila akipumzika kusubiri kishikwambi kifunguke mimi nauliza yangu: sisi ni kaya ya ngapi leo, umekunywa chai, chaji umebakiza asilimia ngapi, nyumba gani imekufukuzia mbwa. Mama akaniambia, "We mtoto, karani anatuhesabu sisi, wewe unamhesabu karani?" Yule dada akacheka mpaka akakaa. Sisi tulikuwa kaya yake ya kumi na tisa, chai alikuwa hajanywa. Mama akamletea.

Ile ndo makala niliyoiandika haraka kuliko zote, Jumatano ilikuwa imeisha. Baadaye matokeo yalipotangazwa, watu 61,741,120, mi niliona viatu vya yule dada. Ijumaa saa mbili kamili nikamtumia mwalimu. Saa mbili na dakika ishirini ikaingia meseji: "Umesema alikuwa amechoka kutembea. Amevaa viatu gani?"

Nikafungua kauntabuku. Raba nyeupe, ya kushoto imefungwa na kamba ya katani.